Mwenyeji Asingoje Mgeni

Tuna methali tunayoipenda mno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye utafiti wa saratani tumeigeuza sera. Mgeni akija na fedha, tunafundishwa. Akiondoka, darasa linafungwa.

Mwaka 2025 tulilipia sera hiyo. Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, na mwezi Mei NIH, taasisi yake ya utafiti wa afya, ikasitisha utaratibu wa kupitisha ruzuku mpya kwa washirika wa nje. Bajeti iliyopendekezwa na serikali yao ikataka kukifuta Kituo cha Fogarty, ambacho tangu 1968 kimelipia mafunzo ya watafiti wa nchi kama yetu. Tukamlaani Trump. Sawa. Lakini nani aliyemkabidhi ufunguo wa darasa letu?

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto mjini Kampala. Baadaye vipande vya uvimbe huo vikapandishwa ndege hadi London, na mwaka 1964 virusi vikaonekana ndani yake. Leo vinaitwa Epstein-Barr. Watoto ni wa Uganda, majina ni ya maabara ya London. Burkitt hana kosa hapo. Jibu hukaa kwa aliyefundishwa kulitafuta.

Wapo watakaosema: mama anayelima mwani Mlingotini hahitaji kozi ya takwimu, anahitaji nauli ya kufika Ocean Road. Hoja nzito, na anayeitoa ana huruma. Ila huruma isiyo na hesabu hupeleka basi pasipo na abiria. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana; mama huyo umri ulishampita. Wa rika lake wangapi wamepimwa? Waliougua walichelewa wapi: nyumbani, zahanati, au wakisubiri majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara? Mashine hazijibu hayo. Hujibiwa na karani wa rejista, fundi wa maabara, mtakwimu, na muuguzi anayejua kuuliza bila kumwaibisha mtu. Wote hao hufundishwa, na kufundisha ni gharama.

Wala tusiambiwe haiwezekani. Bagamoyo hapo hapo, Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki majaribio ya RTS,S, chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Fedha za nje zilikuwamo, kweli. Lakini Watanzania walijifunza kazi ile kwa kuifanya miaka mingi, si kwa semina ya siku tatu yenye posho na cheti.

Mwaka 2006, Khartoum, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. COSTECH tunayo tangu 1986. Basi bajeti iwe na fungu lenye jina: mafunzo ya utafiti wa saratani, kwa miaka, pamoja na nafasi za watumishi wa hospitali za wilaya. Fungu dogo lisilokatika lina faida kuliko kubwa linalotegemea uchaguzi wa watu wengine.

Mgeni akija, karibu. Akute darasa limeshaanza.