Kalemie: Si kila anayesikia sauti ni wazimu

Mtu akianza kubishana na hewa, ao kusema majirani wanataka kumuua, mitaani Kalemie hukumu inatoka haraka: "Balimuroga." Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, pengine amefungwa kamba. Kumbe wakati huo malaria inaweza kuwa imekwisha kufika kwenye ubongo.

Malaria kali humfanya mtu aone vitu ambavyo havipo, asijue ni siku gani wala yuko wapi. Sukari ya damu nayo inashuka, hasa kwa watoto na wenye mimba, na mgonjwa anazidi kuchanganyikiwa. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu ya kidole na kama dakika ishirini tu. Sindano ya artesunate haingojei kesho. Siku tatu za kufunga na kuomba bila kipimo hicho zinaweza kuua. Hakuna anayekataza maombi, lakini yafanyike kando ya kitanda cha hospitali.

Malale pia hugeuza tabia: mgonjwa analala mchana, usiku anatangatanga, anagombana na kila mtu. Tangu 2018 kuna vidonge vyake, fexinidazole, vilivyojaribiwa humu Congo. Tifoide nayo inaweza kumfanya mtu aweweseke. Alafu kuna lutuku: aliyeizoea akiacha ghafula, siku ya pili ao ya tatu anatetemeka na kuona wadudu ukutani. Huyo ni wa hospitali mara moja, sawa na mama anayeanza kusikia sauti siku chache baada ya kuzaa.

Na vita. Mapigano ya Batwa na Baluba yalijaza watu kwenye kambi za wakimbizi pembezoni mwa Kalemie mwaka 2016 na 2017. Aliyeona nyumba yake ikiungua anaweza, miaka baadaye, kusikia risasi usiku na kumshuku kila mgeni. Ni jeraha la moyo, linatibika kwa kusikilizwa. Mjane anayesikia sauti ya marehemu mume wake, mara nyingi ni huzuni tu.

Skizofrenia yenyewe kwa kawaida huja polepole, kwa miezi, bila homa. Kwa hiyo jamaa wamwambie muuguzi: ilianza lini, homa iko, amekunywa dawa gani. Hata zile za kienyeji, zisifichwe.