Mnunuzi asifichwe mitambo iliyoshindwa

Kwa miaka mingi sasa, maabara ya EANTC mjini Berlin imekuwa ikiwakutanisha wahandisi wa kampuni zinazotengeneza mitambo ya Etheneti inayotumiwa na watoa huduma za mawasiliano. Kampuni zinazonyang'anyana zabuni sokoni huunganisha huko ruta na swichi zao, kuona kama zinaelewana. Matokeo huchapishwa na mitambo yenyewe huoneshwa katika kongamano la mitandao mjini Paris. Ni kazi ya maana, na bila hiyo hali ingekuwa mbaya zaidi.

Hata hivyo, ripoti hizo zina kanuni moja ambayo wasimamizi wa fedha za umma hawapaswi kuifumbia macho. Mitambo iliyofaulu kufanya kazi pamoja hutajwa kwa jina la kampuni na la kifaa. Iliyoshindwa haitajwi, tatizo husimuliwa bila mwenyewe. EANTC huieleza kanuni hiyo waziwazi, na sababu yake inaeleweka: kampuni huleta matoleo ambayo bado hayajakamilika, na zikijua zitaanikwa, hazitakuja. Maabara ina haki ya kulinda mahali pa kujifunzia. Mnunuzi hana haki ya kuichukua ripoti ya namna hiyo na kuihesabu kuwa uthibitisho. Jina la mzabuni likionekana humo, maana yake ni kwamba kifaa chake kilielewana na vifaa fulani, kwa toleo fulani la programu, katika jaribio fulani. Kiligoma mbele ya nani, ripoti haisemi.

Madhara ya vifaa kutoelewana ni ya kila siku. Kiwango cha IEEE 802.1ad kinataka lebo ya nje ya fremu ya data, ile anayoiweka mtoa huduma, itambulishwe kwa namba 88A8. Kabla kiwango hicho hakijatoka, watengenezaji walikwisha kujichagulia namba zao, 9100 ikiwamo, na wengine wakairudia 8100 ileile ya lebo ya ndani. Swichi inayotarajia 88A8 ikiletewa 9100 haioni lebo yoyote. Ama huitupa fremu hiyo, ama huidhania haina lebo na kuipeleka kusikokuwa kwake. Taa ya mlango hubaki ya kijani. Fundi aliye kituoni anaona waya ni mzima, mteja hana huduma, na kila kampuni inatoa cheti kwamba kifaa chake kimekidhi kiwango.

Hali ni hiyohiyo katika ukaguzi wa njia. Kwa utaratibu wa ITU-T Y.1731, pande mbili hutumiana ujumbe mfupi kwa vipindi vilivyopangwa, na upande usiopokea kitu kwa muda wa vipindi 3.5 hutangaza hitilafu. Mipangilio ya pande hizo ikipishana, kengele hulia juu ya njia isiyo na ubovu wowote.

Lawama hii haiishii kwa watengenezaji. Mwaka 2008, vyombo vya viwango ITU na IETF vilikubaliana kuijenga kwa pamoja MPLS-TP, teknolojia ya kusafirisha data mitandaoni. Mwaka 2012, baada ya mvutano mrefu, ITU ikapitisha viwango viwili vya kazi ileile ya ukaguzi: G.8113.1 na G.8113.2. Vifaa viwili vinaweza kutimiza viwango kikamilifu na bado visisikilizane. Vyombo hivyo vilipewa dhamana ya kuondoa mkanganyiko huo. Vikaupigia mhuri, na gharama ikabaki kwa wanaonunua.

Afrika Mashariki haiwezi kusema hayo ni ya Ulaya. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nchini Tanzania, ulio chini ya shirika la mawasiliano TTCL, na NOFBI, mkongo wa taifa wa Kenya, iliyo chini ya Mamlaka ya ICT, ni mali ya umma inayojengwa kwa awamu. Kila awamu mpya lazima ielewane na mitambo iliyoikuta, na lazima ipokee mizigo ya kampuni za simu zenye mitambo ya watengenezaji wengine. Uidhinishaji wa vifaa unaofanywa na TCRA na CA, mamlaka za mawasiliano za Tanzania na Kenya, hupima kama kifaa kinakidhi viwango. Ni hatua ya lazima, lakini haujibu swali la kifaa hicho kitakavyokaa na jirani yake. Taasisi isiyo na jibu la swali hilo hurudi kununua kwa muuzaji yuleyule, awamu baada ya awamu, kwa kuwa haina uhakika kwamba mwingine ataingiliana na kilichopo. Hapo ushindani wa zabuni umekwisha kabla bahasha hazijafunguliwa.

TTCL na Mamlaka ya ICT ziwe na maabara yenye mitambo ileile iliyo kazini, na kila mzabuni alete kifaa chake kiunganishwe nayo kikiwa na toleo la programu litakalofungwa, si lile la maonyesho. Hati ya zabuni itaje viwango kwa namba, na pale kiwango kinapoacha hiari, iseme hiari ipi inatakiwa. Kilichoshindwa kiandikwe kwa jina la kampuni, kifaa na toleo, na taarifa hiyo iwe sehemu ya mkataba. Siri ya kibiashara si hoja hapa. Kampuni inayouza kwa umma haiuzi toleo la kujifunzia. Programu ikibadilishwa, jaribio lirudiwe kwa gharama ya muuzaji. Mitambo iliyoelewana jana inaweza kuachana leo kwa sababu ya badiliko moja dogo.

Wapo watakaosema maabara ni ghali. Watoe basi hesabu ya saa ambazo huduma hulala huku wauzaji wawili wakirushiana lawama, na ya bei wanayotozwa wanapobaki na muuzaji mmoja tu. Wakaguzi wakuu wa hesabu za serikali, Dodoma na Nairobi, wanayo mamlaka ya kuidai hesabu hiyo. Waanze na mikataba ya awamu zilizo njiani sasa: palipokosekana taarifa ya majaribio yenye majina, malipo ya mwisho yazuiwe, na ofisa aliyesaini hati ya mapokezi aitwe kueleza alipokea nini.