Injini ya Kujiundia na Gharama Yake

Mpwa wangu mmoja hapa Mombasa, mwaka wa pili huu, akishaswali isha hujifungia chumbani. Anaunda mchezo wa kompyuta wa jahazi lisafirilo kwa kaskazi na kusi. Nilipomwomba anionyeshe, sikuona jahazi. Niliona kisanduku cheupe kikielea juu ya buluu. "Mjomba," akanambia, "jahazi bado. Kwanza naunda injini." Posa yake nayo imesimama hapo hapo, na mamake huniuliza mimi.

Injini hiyo ni programu iliyo chini ya mchezo. Ndiyo ichorayo picha mara thelathini au sitini kwa sekunde, ipimayo vitu vikigongana, itoayo sauti, ipokeayo amri ya kidole na ikumbukayo mchezaji alipoachia. Mchezo ni tanga na nakshi. Injini ni mkuku na mataruma. Sisi washairi twalijua jambo hili. Mtunzi wa utenzi hukuta mizani nane zimemngoja. Azuaye bahari yake mwenyewe hana budi kuyafunza masikio ya watu kwanza, ndipo awaambie alilonalo.

Tuitazame Poland. Kampuni ya CD Projekt ya Warsaw ilitoa The Witcher mwaka 2007 kwa injini ya kuazima, Aurora, ya BioWare wa Kanada. Mwaka 2011 ikatoa ya pili kwa injini yake yenyewe, REDengine, na ya tatu, mwaka 2015, ikaipa sifa ulimwengu mzima. Kisha ikaja Cyberpunk 2077, Desemba 2020: jiji zima, watu na magari, na injini ikitengenezwa huku mchezo ukijengwa juu yake. Katika mashine za zamani, PlayStation 4 na Xbox One, ulikwama na kuzimika, hata Sony ikauondoa dukani mwake miezi sita. Machi 2022 kampuni ikatangaza kwamba Witcher mpya itaundwa kwa Unreal Engine 5 ya Epic Games ya Marekani.

Sisemi kosa lilikuwa la injini peke yake. Haraka nayo ilikuwapo. Lakini gharama ya chombo cha kujiundia haishi siku kikamilikapo. Kila mashine mpya itokapo sokoni, injini hufunguliwa upya. Kila fundi aajiriwaye hufunzwa kitu kisichojulikana nje ya nyumba ile, na akiondoka, huondoka na siri zake. Unreal vijana huijua kabla hawajapata kazi.

Ila mpangaji naye ana mwenye nyumba. Epic hudai, kwa kawaida, asilimia 5 ya mapato baada ya dola milioni ya kwanza. Na Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza ada mpya kwa kila mchezo utakaopakiwa katika mashine ya mtu. Waundaji wakapiga kelele, nayo ikaifuta Septemba 2024, lakini hofu haikufutika.

Nikamtajia kijana Godot, injini iliyoanzia Argentina na kutolewa bure kwa wote tangu 2014, hata matumbo yake yanafunguliwa. Akanisikiliza kwa adabu. Juma lililopita nikapita tena: kisanduku kimepata tanga. Nikamwuliza kama injini ni yake au ya Waargentina. Akacheka, akaniongeza kahawa.