Mashine Isiipimie Ngoma Urefu

Wagogo wa Dodoma wanasifika kwa muheme, ngoma ipigwayo na wanawake, na kwa ilimba na zeze, ala ambazo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizitangaza duniani. Siku hizi midundo hupangwa pia kwa kompyuta, katika programu zinazougawa mzunguko kwa hatua. Programu nyingi huanza na hatua 16, sawa na vitufe 16 vya mashine ya Roland TR-808, iliyotoka Japani mwaka 1980.

Idadi hiyo ni mazoea ya kiwanda, wala si kanuni ya maumbile. Ngoma nyingi za Afrika huzunguka kwa mapigo 12, yanayogawanyika kwa 2, 3, 4 na 6. Lakini 16 haigawanyiki kwa 3. Mdundo wa tatu-tatu ukilazimishwa humo, hubaki pigo moja lisilo na wenzake, na ngoma huchechemea.

Dawa ni nyepesi, kwani urefu hubadilishika. Kijana hana budi kuyahesabu kwanza makofi ya wazee, ndipo aiamuru mashine. Mashine ikiachiwa uamuzi, watoto watarithi ngoma iliyokatwa kwa kipimo cha wengine.