Arobaini ya Mzazi si Kifungo

Huku Usinge, kwenye reli iendayo Kigoma, katika nyumba nyingi mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji na huambiwa asivuke kizingiti mpaka arobaini itimie. Mapumziko hayo ni rehema, wala hatuyapingi. Tunalolipinga ni dhana kwamba nifasi inamzuia kwenda zahanati. Nifasi humwondolea mwanamke sala na kumwahirishia saumu. Haimfungii ndani anapohitaji tiba.

Hatari haingoji arobaini. Kutokwa na damu nyingi huweza kuua kwa saa chache, na kifafa cha mimba huweza kumpata hata aliyekwisha kujifungua salama. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri mzazi na mwanawe wachunguzwe ndani ya saa 24, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha katika wiki ya 6.

Nasema na waume. Siku ya 7 mbuzi wa akika amekwisha kununuliwa na jamaa wamealikwa. Nauli ya bodaboda ya kumfikisha mama wa mtoto huyo zahanati inakosekanaje?

Nanyi mama wakwe, tafadhali: homa, kichwa kinachouma sana, macho yanayoona ukungu, damu inayolowesha kitambaa baada ya kitambaa, au mtoto anayekataa ziwa, hayo hayakandwi kwa maji ya moto. Mpelekeni usiku huo huo.