Sabuni ya Mchango Nayo Ioshe Hesabu Zake

Kuchangishana si jambo geni kwa watu wa mwambao na visiwa. Mtu akifiwa, akiuguliwa, au shule ya kijiji ikiezuliwa na upepo, daftari hupitishwa nyumba kwa nyumba na kila mmoja hutoa alichojaaliwa. Lililo jipya ni kwamba vikundi vingi siku hizi, hasa vya akina mama, vimechoka kupitisha daftari. Vimeamua kutengeneza kitu kwa mikono, kukiuza, na faida yake kuitia katika jambo lililokusudiwa. Miongoni mwa vitu hivyo, sabuni imeshika nafasi ya mbele, na soko linalotazamiwa na wengi ni Kariakoo.

Sisi tunaliunga mkono jambo hili kwa moyo mmoja. Mwenye kununua sabuni hapati haya ya kuombwa, na mwenye kuuza hapati unyonge wa kuomba. Lakini kwa kuwa tunaliunga mkono, hatuna budi kusema wazi yale yanayoweza kuliua.

Yafaa kwanza tukumbushane kwamba sabuni katika nchi hii ina historia yake. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokauka na viwanda kukosa malighafi, sabuni ilikuwa bidhaa ya kupangiwa foleni. Wapo wazee wanaokumbuka kufulia majani ya mpapai. Mwaka 1983, wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, sabuni ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyosakwa katika maficho ya walanguzi. Katika shida hiyo wananchi wengi walijifunza kuchanganya mafuta na kostiki soda nyumbani kwao. Elimu ya sabuni ya mikono, basi, haikuanza katika semina za jana.

Leo hali imegeuka. Mtu akishuka Kariakoo, eneo lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, atakuta sabuni za kila rangi na kila nchi kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo. Kilichokuwa adimu kimekuwa tele. Hapo ndipo vikundi vyetu vinapokosea hesabu ya kwanza. Karibu kila semina ya akina mama hufundisha sabuni ya maji ile ile, kwa dawa zile zile zinazouzwa madukani, na bidhaa hutiwa katika chupa kuukuu za maji ya kunywa. Kikundi cha Mbagala, cha Mafia na cha Unguja vinakutana sokoni na kitu kimoja, na vyote vinashindana na kiwanda kinachotoa chupa elfu kwa saa. Huko ni kupigana na tembo kwa fimbo ya mnazi.

Wenzetu wa visiwani wana njia bora, nayo imekwisha kuonekana. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Kwa miaka mingi mwani ulikaushwa ukauzwa nje kwa bei ndogo mno. Baadaye bahari ilipopata joto na aina yenye bei nzuri zaidi kuanza kufa, ikalazimu kutafuta maarifa mengine. Tangu 2006, Dk. Flower Msuya, mtaalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake, amekuwa akishirikiana na vikundi vya wakulima kusaga mwani na kuutia katika sabuni na bidhaa nyingine. Mwani uliouzwa kwa gunia sasa unaweza kuuzwa kwa kipande, na thamani yake hubaki kijijini.

Tena visiwa vina nazi. Sabuni ya mafuta ya nazi ina sifa isiyopatikana katika sabuni nyingi: hutoa povu hata katika maji ya chumvi, na ndiyo maana mabaharia waliipenda. Kwa watu ambao visima vyao vina maji ya chumvichumvi, hiyo si sifa ndogo. Pemba kuna mafuta ya makonyo ya karafuu, yenye harufu ambayo hakuna kiwanda cha ugenini kinachoweza kudai kuwa ni yake. Sabuni ya nazi, mwani na karafuu ikifika Kariakoo haishindani na chupa ya sabuni ya maji. Imesimama peke yake.

Hata hivyo, jambo jema halisamehewi ubovu wa kazi. Sabuni ni kemia, na kemia haina huruma. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji kiasi cha gramu 183 za kostiki soda ili igeuke sabuni yote. Kilo moja ya mawese huhitaji kiasi cha gramu 141 tu. Mwenye kubadili mafuta kwa sababu ya bei, asibadili kipimo, huacha kostiki ndani ya sabuni, nayo humchoma mnunuzi ngozi. Kupima kwa kikombe badala ya mizani ni kubahatisha. Kuyeyusha kostiki katika sufuria za alumini, kama tunavyoona kwingi, ni hatari, kwani hula alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Chombo kiwe cha plastiki ngumu au cha chuma kisichoshika kutu. Kostiki itiwe katika maji, wala si maji juu ya kostiki. Watoto wakae mbali. Mafuta ya karafuu nayo yakizidi huwasha. Na sabuni ya namna hii huachwa ikauke wiki nne hadi sita kabla ya kuuzwa. Kikundi kinachoiuza baada ya siku tatu kwa kuwa harambee imekaribia kinamuuzia mtu kipande kitakachoyeyuka ndani ya wiki moja. Mnunuzi huyo atanunua mara moja kwa huruma. Hatanunua tena.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambako ndiko kwenye kidonda. Tuchukue mfano. Kikundi cha kisiwani kimetengeneza sabuni 200 ili kusaidia wagonjwa wanaopelekwa Ocean Road kwa tiba ya saratani. Shida hiyo ni ya kweli: tiba ya mionzi huchukua wiki kadhaa, na hata pale tiba yenyewe inapolipiwa, zipo nauli za boti, chakula, na pahali pa kulala yule anayemuuguza mgonjwa. Tuseme kila sabuni imegharimu shilingi 1,000 kwa mafuta, kostiki na karatasi, nayo inauzwa shilingi 2,000. Zikiuzwa zote, mapato ni shilingi 400,000. Ondoa shilingi 200,000 za malighafi, 60,000 za usafiri na bandari, na 40,000 za meza na muuzaji. Zinabaki shilingi 100,000. Kwa hiyo katika kila shilingi 2,000 alizotoa mnunuzi, mgonjwa amepata shilingi 500.

Hapo hapana aibu yoyote. Aibu ni kumwambia mnunuzi kwamba fedha yake yote inakwenda kwa mgonjwa. Maneno hayo ni ya uongo hata yakisemwa kwa nia njema, na siku mnunuzi atakapojua, hatamshuku msemaji peke yake, bali wote watakaomfuata na bakuli au na sabuni. Kikundi kiseme ukweli: robo ya bei yako ni ya wagonjwa, na iliyobaki inaturudisha kazini ili robo nyingine ipatikane mwezi ujao.

Katika mfano huo huo, tutazame kitu kinachoitwa zawadi. Mgeni rasmi anafika kwenye banda la maonesho, iwe Sabasaba au kwingineko. Anapewa kikapu. Msaidizi wake anapewa kipande, dereva naye, na wale waliofuatana naye hawawezi kuachwa. Sabuni 20 zimekwisha kwenda, na hakuna aliyetia mkono mfukoni. Mapato yanashuka hadi shilingi 360,000, gharama zimebaki 300,000, na fungu la wagonjwa limeshuka kutoka 100,000 hadi 60,000. Ugeni wa nusu saa umechukua shilingi 40,000 katika kila 100,000 za wagonjwa. Kiongozi yule hakuiba. Desturi ndiyo iliyomfikisha hapo. Lakini mgonjwa aliyekosa nauli haulizi kama fedha yake ilichukuliwa na mwizi au na desturi. Tunawaomba viongozi wetu waanze desturi nyingine: mgeni rasmi awe mnunuzi wa kwanza, alipe bei kamili, apewe risiti mbele ya watu.

Upande wa Serikali lipo pia la kutendwa. Tangu 2019, kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS, ambalo lilianzishwa 1975. Zanzibar ina taasisi yake ya viwango, ZBS. SIDO, iliyoanzishwa 1973, ina wajibu wa kulea viwanda vidogo. Sheria inazitaka halmashauri za Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Vyombo vipo, basi. Kisichoonekana ni mlango mmoja wa kuingilia. Mama anayevuka bahari na maboksi mawili ya sabuni hawezi kutumia siku tatu akizunguka ofisi tano kuulizwa karatasi ile ile. Malalamiko ya bidhaa za Zanzibar kutozwa mara mbili zinapoingia Bara yamejadiliwa kwa miaka mingi katika hoja za Muungano. Wakubwa wanapoyamaliza mezani, ni wajibu wa ofisa wa gatini kuonyesha kwamba yamekwisha.

Wala hatuombi viwango vilegezwe. Sabuni inayochoma ngozi haipati ruhusa kwa kuwa ni ya hisani. Tunaomba vipimo vifanywe karibu, kwa gharama inayolingana na sabuni 200, si inayolingana na kiwanda.

Tena lipo pendekezo kwa wasimamizi wa soko. Jengo la Kariakoo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa 1975 liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na Serikali ikaamua kulikarabati na kujenga jingine kando yake. Katika soko hilo itengwe meza moja, ya zamu, kwa vikundi vinavyouza kwa ajili ya jambo la jamii. Sharti lake liwe jepesi lakini lisilo na msamaha: kila kikundi kibandike mezani karatasi ionyeshayo kimeuza nini, kimetumia nini, na kilichobaki kimemfikia nani. Jina la mgonjwa lisiandikwe. Stakabadhi ya boti na ya malazi zatosha. Asiyebandika, zamu yake impite.

Kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wenye maduka Kariakoo, tunasema hivi: ninyi mnajua bei, mnajua mteja, mnajua siku ya soko kuchangamka. Mchango wenu mkubwa si kununua sabuni kumi na kuziweka kabatini. Mpeni mama wa kijijini kwenu nafasi ya shubiri mbili juu ya kaunta, mumfundishe kufunga bidhaa na kuandika daftari, kisha mumlipe kwa wakati.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Lakini kibaba chenye tundu hakijazwi na chochote. Tuzibe tundu la kipimo, la hesabu na la zawadi, ndipo sabuni hiyo itakapomlipia mgonjwa safari yake.