Baridi yabisi haitokani na baridi

Mwenye kufuga kuku kule Mwiki hahitaji kuelezwa Gumboro ni kitu gani. Vifaranga hununuliwa wakiwa wa siku moja, hutiwa mahali penye joto, na kabla ya kutimiza mwezi huwa wamekwisha pewa chanjo yake katika maji ya kunywa. Anayepuuza hujuta. Kuku hujikunyata, manyoya husimama, huharisha maji meupe, na baada ya siku chache banda hubaki tupu. Hata wale wanaopona huwa si kuku tena. Ukiwachanja dhidi ya kideri baadaye, chanjo haishiki sawasawa, na kila ugonjwa unaopita mtaani huwabishia hodi.

Kwa nini haishiki? Jibu la swali hilo ndilo lililonifanya nianze na kuku leo, ijapokuwa safu hii ni ya afya ya watu. Virusi vya Gumboro hushambulia kifuko kidogo kilicho karibu na mahali kuku anapotolea kinyesi. Kifuko hicho huitwa bursa ya Fabricius, kwa jina la Hieronymus Fabricius, mwalimu wa elimu ya mwili katika chuo cha Padua, Italia, ambaye maelezo yake juu ya kifuko hicho yalichapishwa mwaka wa 1621. Kwa zaidi ya miaka mia tatu baada yake, hakuna aliyejua kina kazi gani.

Kazi yake iligunduliwa kwa bahati tu. Katika miaka ya 1950 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, aitwaye Bruce Glick, aliwatoa vifaranga kadhaa kifuko hicho ili aone watakuwaje. Hawakuwa lolote, walikua kama wenzao. Kisha mwenzake, Timothy Chang, alihitaji kuku wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi mwili unavyotengeneza antibodi, yaani zile protini za damu zinazonasa viini vya maradhi. Akapewa baadhi ya kuku wale wa Glick. Aliwadunga viini, akasubiri, na damu yao ikawa haina kitu. Vijana hao waliandika habari yao, wakaipeleka kwa jarida kubwa la sayansi, likawakatalia. Hatimaye, mwaka wa 1956, ilichapishwa katika jarida la ufugaji wa kuku, mahali ambapo madaktari wa binadamu hawakuwa na mazoea ya kupasoma.

Ilipofika 1965, Max Cooper na wenzake huko Minnesota walithibitisha kwamba kinga ya mwili ina majeshi mawili. Moja hukomazwa katika tezi ya thaimasi iliyo kifuani, na askari wake wakaitwa seli T. La pili, kwa kuku, hukomazwa katika bursa, na askari wake wakaitwa seli B. Sisi binadamu hatuna bursa. Seli B zetu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Lakini herufi ile ya kuku imetuganda hadi leo.

Sasa tutoke bandani tuingie nyumbani. Hapo hapo Mwiki, upande wa Ruiru, yuko mama mmoja wa miaka 34 ambaye kazi yake ilikuwa kuwafulia watu nguo. Alianza kuamka asubuhi vidole vikiwa vigumu, havikunjiki wala havikunjuki, mpaka jua lichomoze vizuri. Kisha viungo vya katikati ya vidole vikavimba, mikono yote miwili kwa pamoja, halafu vifundo vya mikono na nyayo. Kila aliyemuuliza alimwambia ni maji baridi. Akapimwa homa ya matumbo, akatibiwa. Akapimwa homa ya maziwa, ile inayoletwa na maziwa yasiyochemshwa, akatibiwa pia. Alimeza vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa mpaka tumbo likaanza kumchoma. Mwishowe akatii ushauri wa majirani, akaacha kufua. Pato likakatika, mtoto akarudishwa nyumbani kwa karo, na vidole viliendelea kuvimba vile vile ingawa sasa havikugusa maji baridi.

Nalilaumu jina kidogo. Kiswahili kinaiita maradhi haya baridi yabisi, na ukisikia jina hilo umekwisha kupewa sababu na tiba: jifunike, usiguse maji, paka mafuta ya moto. La hasha. Baridi inaweza kumzidishia mgonjwa maumivu, lakini haiwezi kuanzisha ugonjwa huu. Wala si uzee. Uzee una maumivu yake ya viungo, yatokanayo na kulika kwa magoti na nyonga. Haya ya mama yule huwapata hata vijana, na huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume.

Chanzo kimo katika seli B zenyewe, zikisaidiana na ndugu zao seli T. Kila seli B huzaliwa ikiwa na kinasio cha umbo lake, kama ufunguo uliochongwa pasipo kuulizwa kufuli liko wapi. Mwili huchonga mamilioni na mamilioni ya funguo hizo kwa kubahatisha, kwa sababu hujui kesho utavamiwa na kiini gani. Lakini anayechonga kwa kubahatisha hatakosa kuchonga ufunguo unaofungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich, mwanzoni mwa karne ya 20, aliamini kwamba mwili una hofu kubwa ya kujitilia sumu na kwa hivyo una njia za kuzuia jambo hilo. Alikuwa amekaribia ukweli. Seli nyingi za namna hiyo huuawa zikiwa changa ndani ya uboho, au hunyamazishwa. Tatizo ni zile zinazoponyoka.

Mwaka wa 1940 daktari wa Norway, Erik Waaler, aliona kwamba majimaji ya damu ya wagonjwa wa baridi yabisi yalikuwa na kitu kinachofanya chembe nyekundu za damu ya kondoo, zilizokwisha pakwa antibodi, zigandamane. Baadaye ilibainika kuwa kitu hicho ni antibodi iliyotengenezwa dhidi ya antibodi nyingine. Yaani askari anamkamata askari mwenzake kwa kosa la kuvaa sare! Ndicho kipimo ambacho hospitali zetu hukiita RF mpaka leo. Kipo kingine kipya zaidi, kiitwacho anti-CCP, ambacho hutafuta antibodi dhidi ya protini za mwili zilizobadilika umbo kidogo. Antibodi hizi huweza kuwamo katika damu miaka kadhaa kabla ya kidole cha kwanza kuuma.

Hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea. Karatasi ya maabara iliyoandikwa kwamba RF ipo haimaanishi kwamba una baridi yabisi. Seli B hutoa antibodi hiyo hiyo zikichokozwa na kifua kikuu, na homa ya ini aina ya C, na maradhi mengine ya muda mrefu. Hata baadhi ya wazee wasiougua lolote wanayo. Na karatasi iliyosema RF haipo haimfungui mgonjwa, kwa sababu kati ya wagonjwa 100 wa kweli, 20 hadi 30 hawana. Daktari hutazama viungo kwanza: vingapi vimevimba, vipi, kwa muda gani, na ugumu wa asubuhi unachukua nusu saa, saa nzima au zaidi. Damu huja kuthibitisha. Nimewaona watu wakibeba karatasi moja ya maabara kutoka kliniki hadi kliniki kama hati ya shamba, na hakuna hata daktari mmoja aliyewaambia, "Hebu nione hivyo vidole."

Kuna ndugu wa maradhi haya ambaye ni mkali zaidi, naye ni lupasi. Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, 9 hivi ni wanawake, na wengi huanza wakiwa katika umri wa chuo na wa kuzaa. Hapa seli B zilizoasi hutengeneza antibodi dhidi ya vitu vilivyomo katika kiini cha seli, ikiwemo DNA yenyewe, ule urithi unaofundishwa katika somo la baiolojia. Antibodi na mabaki hayo hushikamana, huelea katika damu, kisha hukwama kwenye vichujio vya figo. Ndiyo maana msichana anaweza kuanza na uchovu, vidonda vya kinywa visivyouma, nywele kukatika na viungo kuuma, halafu siku moja akaona miguu imevimba na mkojo una povu. Vitabu vya ng'ambo huandika kwamba mashavu huwa mekundu kwa umbo la kipepeo. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Mara nyingi huwa ni weusi uliozidi, au rangi ya zambarau. Wangapi wamepewa mafuta ya chunusi kwa sababu ya vitabu hivyo?

Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba Mwafrika hapati maradhi haya. Mwaka wa 1968, Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba ni nadra huko na akashuku kwamba malaria na vimelea vingine vinaipa kinga kazi nyingine ya kufanya. Wazo hilo lina mantiki, na lingali linachunguzwa. Lakini ilipofika 1979 madaktari waliokuwa Nairobi walichapisha maelezo ya wagonjwa wa baridi yabisi wa hapa Kenya, na leo kliniki za maradhi haya katika Hospitali Kuu ya Kenyatta hazikosi watu. Kwa maoni yangu, unadra ule ulitokana kwa sehemu na uchache wa wa kutazama. Hata sasa madaktari waliobobea katika fani hii ni wachache mno nchini, na wengi wao wako Nairobi.

Turudi kwa seli B, kwa sababu kisa chake hakikuishia kwa kuku. Katika miaka ya 1990 wataalamu wengi walikuwa wameelekeza macho yote kwa seli T. Jonathan Edwards wa University College London akashikilia kwamba seli B ndizo zinazoendeleza moto, na kwamba ukizifagia zote mara moja huenda zitakazozaliwa upya zikawa na adabu. Tayari ilikuwapo dawa ya kuzifagia, rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1997 kwa saratani ya damu. Dawa hiyo hutambua alama iitwayo CD20 iliyo juu ya seli B. Mwaka wa 2001 Edwards na wenzake walitoa habari za wagonjwa watano. Mwaka wa 2004 wakatoa matokeo ya wagonjwa 161, na walioipata pamoja na methotreksati walipata nafuu kubwa kuliko walioachwa na methotreksati peke yake. Mwaka wa 2006 ikaidhinishwa kwa baridi yabisi.

Kuna fumbo zuri ndani yake kwa wanafunzi. Seli zinazomwaga antibodi kwa wingi, ziitwazo seli za plazma, ni seli B zilizokomaa, nazo zimekwisha vua ile alama ya CD20. Dawa haizioni. Kwa hivyo wako wagonjwa wanaopata nafuu huku antibodi zao zikiwa zimepungua kidogo tu. Maana yake ni kwamba seli B hazitengenezi silaha tu. Huwaonyesha seli T nani wa kushambulia, na humwaga kemikali zinazochochea uvimbe ndani ya utando wa kiungo. Ni mchochezi na mfua silaha kwa wakati mmoja.

Dawa hii ni ghali, na kwa familia ya Mwiki inayoishi kwa kazi ya siku ni kama haipo. Lakini isimkatishe mtu tamaa, maana haianzi hiyo. Inayoanza ni methotreksati, ya bei nafuu, inayomezwa MARA MOJA KWA WIKI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuimeza kila siku kumewaua watu katika nchi nyingi. Mjamzito haruhusiwi kabisa, na anayetaka kupata mimba amweleze daktari mapema. Kwa lupasi, msingi ni haidroksiklorokwini, jamaa wa klorokwini ile tuliyoijua sote kwa uchungu wake, ambayo Kenya iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka wa 1998. Macho ya anayeitumia hupimwa kila baada ya muda. Mwaka wa 2020, baada ya uvumi kwamba inatibu korona, iliadimika katika nchi nyingi, na wenye lupasi wakabaki wakihangaika.

Muda ndio ghali zaidi. Mfupa huanza kulika mapema, aghalabu ndani ya miaka miwili ya kwanza, na ukilika haurudi. Mama yule alipoteza mwaka mzima katika homa ya matumbo na maji baridi kabla ya kuelekezwa hospitali ya rufaa. Sasa anatumia methotreksati, asubuhi hufunga vifungo vya sare ya mtoto mwenyewe, ila kidole cha shahada cha mkono wa kulia hakikunyooka tena.

Kwa atakayefika kwenye rituksimabu, kabla ya kutundikiwa chupa aulize kama amepimwa homa ya ini aina ya B, kwani virusi vyake vilivyolala huweza kuamka. Na chanjo zozote anazohitaji azipate mapema, wiki kadhaa kabla. Mwaka wa 2021 ilionekana wazi kwamba wengi waliochanjwa korona muda mfupi baada ya dawa hiyo hawakutoa antibodi za kutosha. Seli B hazikuwapo. Walikuwa kama wale kuku wa Glick, na kama kuku wako waliopona Gumboro.